Magoli Yote Yalipita Kushoto

"Usiguse! Toa mkono kwenye ubao kabla sijauchoma!"

Winchi akarudisha mkono mbio, kama mtu aliyegusa pasi ya moto. Alikuwa ameanza kuziokota kete zake, na kwa mchumba wake Sindano, hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kufungwa magoli matatu. Desturi yao ilikuwa moja tangu walipoanza kucheza, hata kabla ya uchumba. Mechi ikiisha, kete zinabaki vilevile mpaka ichambuliwe. Kila goli linarudiwa, kila kete inarudishwa ilipokuwa, halafu wanakubaliana: hili lilikuwa mbinu, hili lilikuwa bahati. Aliyefungwa ndiye anayeanza kusema.

"Nilikuwa nanyoosha mkono tu," Winchi akajitetea.

"Nyooshea ukutani. Ukuta mrefu huo."

Kaka yake Sindano, aliyekaa katikati yao kama mwamuzi, kikombe cha chai kimetulia juu ya goti, akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali.

"Shemeji, mimi nilikuleta hapa ucheze mpira uende zako. Ukachagua kumposa huyu. Sasa usinitazame mimi, mzigo umeubeba mwenyewe."

Jina la Sindano alilipata kwa mambo mawili. Alishona mapazia katika chumba cha chini cha nyumba hiyohiyo, na ulimi wake ulichoma. Winchi naye aliitwa hivyo kwa kuwa aliendesha winchi ndefu ya kunyanyulia mizigo kwenye jengo jipya, mitaa michache kutoka hapo, ile ambayo mkono wake ulionekana dirishani ukizunguka juu ya mapaa. Kaka mtu alikuwa mwashi wa jengo hilohilo. Ndiyo yalikuwa maisha yao: siku za kazi kwenye zege, siku ya mapumziko kwenye ubao.

Mchezo wenyewe ni mpira wa mazimwi. Ubao una vijumba vingi kama sakafu ya marumaru. Winchi alikuwa na timu ya mazimwi, wakubwa, wazito, wenye meno ya nje. Sindano alikuwa na vibwengo, wadogo, wepesi, waoga, kila mmoja amemfunga uzi mwekundu kiunoni kwa mkono wake. Mwenye mpira hukimbia nao mpaka avuke mstari wa mwisho. Zimwi likimkumba kibwengo, dado ndizo husema nani ataanguka.

"Haya, mfungwa, anza," kaka akasema.

"Bahati," Winchi akajibu. "Dado zimempenda."

"Goli la kwanza?"

"Bahati."

"La pili?"

"Bahati."

"La tatu?"

"Hilo nalo, bahati."

"Mbinu zangu zote umezifanya bahati!" Sindano akapiga meza. "Kaka, unamsikia huyu?"

"Namsikia mtu anayetaka kwenda kulala."

Kwao neno hilo lilikuwa kufuli. Ukishasema bahati, mjadala umefungwa, maana nani anabishana na dado? Zamani Winchi alilisema kwa nadra. Zamani alikuwa anasimama kwa kubishana, anazunguka meza, anamwapia Sindano kwamba angelisogeza zimwi moja tu asingefungwa, mpaka chai inapoa na mama mtu anagonga sakafu chumba cha juu. Sasa ilikuwa miezi kadhaa anafungwa, na kila akifungwa anasema neno lilelile, anakusanya kete, anaaga.

Sindano hakuwa amemwambia mtu, lakini jambo hilo lilimtia hofu. Mwanamume anayebishana nawe bado yuko nawe. Aliyeacha kubishana, moyo wake umeshafunga mizigo. Na harusi ilikuwa imekaribia. Mapazia ya chumba chao kipya yalikuwa mashineni, upande mmoja umepindwa, upande mmoja bado.

"Goli la pili silikubali," akasema. "Rudisha kete tuone."

Winchi akashusha pumzi, akaanza kupanga. Hakuna aliyejua kupanga kama yeye. Zimwi hili hapa, lile pale, vibwengo wawili katikati, mwenye mpira nyuma yao. Akapanga, akaegemea kiti.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Na kibwengo wangu wa pembeni?"

"Yupi?"

"Yupi tena! Aliyepokea mpira. Alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo."

"Pembeni hapakuwa na mtu, mpenzi."

"Shemeji!" Kaka akacheka, akainyanyua kete iliyokuwa ukingoni kabisa, mkono wa kushoto wa Winchi. "Na huyu mwenye uzi mwekundu ni nani, mgeni mwalikwa?"

Winchi akageuza kichwa chote. Chote, kama mtu anayeitwa na aliye nyuma yake. Akaikodolea macho ile kete.

"Ah. Huyo," akasema. "Nilimsahau."

Simu yake ikalia. Alikuwa msimamizi wa jengo, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba wote watatu walimsikia.

"Winchi! Vile vipande vya ukuta vimekuja leo badala ya kesho. Malori yamefunga barabara, watu wanatutukana. Njoo tupakue. Na huyo mwashi, kama uko naye, aje akwangue zege kwenye kona ya juu, kipande kikae sawa."

"Mpiga ishara amefika?"

"Hapatikani. Nitakuongoza mimi mwenyewe kwenye redio."

Kwa kawaida mpiga ishara ndiye aliyekuwa macho yake ya chini. Husimama palipo wazi, akamwambia zungusha, simama, shusha. Winchi akapangusa viganja kwenye suruali, taratibu, kimoja halafu kingine.

"Nakuja," akasema.

Kaka alishatangulia kwenye ngazi akipiga mluzi. Sindano akamzuia mchumba wake mlangoni.

"Umenichoka?"

"Nini?"

"Nijibu. Umenichoka? Zamani ulikuwa unanigombania goli moja mpaka unatoka jasho. Siku hizi nakufunga matatu unaniambia bahati. Kama unanihurumia, sema. Kama kuna mwingine, sema. Nina mapazia mashineni, nisije nikamshonea mwanamke mwingine."

"Nikikuchoka wewe, nitakuwa nimechoka kuishi."

"Maneno matamu hayo. Mbona hunitazami?"

Akanyoosha mkono ampapase shavu. Mkono ukapotea njia kidogo, ukaangukia sikioni. Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi. Halafu akageuka kuondoka na bega lake la kushoto likagonga kizingiti, kishindo cha haja.

"Shemeji!" kaka akaita kutoka chini. "Mlango huo uko hapo tangu babu yetu, bado hujauzoea?"

Wakaondoka.

Sindano akabaki na ubao wake. Kwa hasira akajitupa kwenye kiti cha Winchi, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akautazama mchezo kutoka upande wa mazimwi. Akarudisha goli la kwanza. Kibwengo alipita pembeni, mkono wake wa kushoto huku alikokaa sasa. Akarudisha la pili. Kushoto. La tatu. Kushoto. Akakumbuka mechi iliyopita, na ya kabla yake. Kote kulekule. Yeye hakuwahi kupanga hivyo. Alikuta tu njia iko wazi, akapita, akajisifu. Kumbe ni nani anayeacha mlango wazi kila siku, mwizi akiingia na kutoka, asiufunge?

Taratibu, bila kujua kwa nini, akainua kiganja chake akakisimamisha kando ya pua, akaziba upande wa kushoto.

Kibwengo mwenye uzi mwekundu akatoweka.

Mambo yakaanza kuja yenyewe, moja likivuta lingine. Bega na kizingiti. Mkono uliopotea sikioni. Kikombe cha juzi kilichopigwa kiwiko kikavunjika. Na sahani! Mwezi mzima Winchi alikuwa anakula kwao na kuacha nusu ya chakula, nusu moja safi kabisa, nusu nyingine haijaguswa, na mama akasema bwana harusi anapunguza tumbo lienee kwenye suti. Hakuwa anapunguza tumbo. Hakuwa anaiona ile nusu ya kushoto.

"Mungu wangu," akasema peke yake. "Kaka yuko kwenye kona."

Dirishani, mkono wa winchi ukaanza kuzunguka.

Akampigia kaka. Ikaita mpaka ikakata. Akaandika, vidole vikiteleza:

"Kaka toka kwenye hiyo kona. Usiulize. TOKA"

Ujumbe ukakaa hapohapo bila kusomwa. Simu ya Winchi ilikuwa imezimwa, kama anavyoizima kila anapopanda. Sindano akashuka ngazi na ndara moja, nyingine ikabaki juu, futi ya kushonea ikimning'inia shingoni, akakimbia katikati ya barabara watu wakimpisha.

Getini, mlinzi akanyoosha mkono.

"Shemeji, huingii bila kofia."

"Nipe yako!"

"Na mimi nivae nini?"

"Sali!"

Akamvua mwenyewe. Akainua macho. Kipande cha ukuta, kizito kama basi, kilikuwa kinaning'inia hewani kikija polepole kuelekea kushoto kwa Winchi. Na pale juu, kwenye kona isiyo na kizuizi, kaka yake alikuwa amechutama, ameipa winchi mgongo, mashine ya kukwangulia inanguruma mikononi, masikio yameziba kwa vumbi na kelele. Kile kipande kilikuwa kinapita kimo cha kiuno chake.

Akaita. Sauti yake ikamezwa na mashine.

Msimamizi alikuwa nyuma ya malori, mahali ambapo kona haionekani, redio mdomoni.

"Winchi, kona iko wazi?"

Redio ikakoroma. "Iko wazi, mkuu. Naleta."

"Mwambie asimame!" Sindano akamvaa. "Msimamishe!"

"Mama, mzigo uko hewani! Nani kamfungulia huyu? Toka hapa!"

Sindano hakubishana. Akaichomoa ile redio mkononi mwake, akabonyeza.

"Mpenzi, simama. Ni mimi. Usizungushe hata kidogo."

Mkono wa winchi ukasimama. Mzigo ukaendelea kupembea kwa uzito wake, ukienda, ukirudi.

"Sindano? Nani kakupa redio?"

"Nimenyang'anya. Sikiliza. Kushoto kwako pana nani?"

"Kushoto hapana mtu. Nimeangalia."

"Angalia tena. Geuza kichwa. Chote, kama ulivyokigeuza kwenye ubao."

Msimamizi, aliyekuwa amenyoosha mkono aichukue redio yake, akatoka nyuma ya lori, akakifuata kidole cha Sindano kwa macho, akaona kona. Mkono wake ukabaki hewani. Kule juu mwashi akahamisha goti moja, akarudi nyuma kidogo, kuelekea kwenye kile kipande.

Halafu sauti ikatoka kwenye redio, sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwa mwanamume huyo. Ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyeamka shimoni.

"Ni kaka yako."

"Ni yeye. Hasikii kitu. Amekupa mgongo."

"Nilisema iko wazi. Nilisema iko wazi, Sindano."

"Usilie sasa. Utalia baadaye, nitakaa nawe. Sasa rudisha mzigo kulekule ulikotoka. Kulia. Polepole."

"Siuamini mkono wangu."

"Kulia unaona?"

"Kulia naona."

"Basi nenda unakoona. Mimi nakuangalia huku."

Ule mkono mrefu ukatetemeka, ukaanza kurudi. Kipande kikapembea mara ya mwisho karibu na mgongo wa mwashi, karibu kiasi kwamba upepo wake ulimpeperusha shati, na ndipo alipogeuka. Akaona ukuta ukiondoka mbele ya uso wake. Akaanguka kwa makalio, mashine ikamponyoka, ikanguruma peke yake kwenye zege mpaka ikazimika.

"Simama," Sindano akasema. "Shusha. Shusha. Bado. Shusha. Hapo."

Kipande kikagusa sakafu ya lori. Msimamizi akakaa chini, kwenye vumbi, na nguo zake safi.

Ungedhani hapo hofu imekwisha. Lakini dakika zikapita na Winchi hakushuka. Kibanda chake kilikuwa juu sana, kidogo kama sanduku, na mlango wake ulikuwa wazi. Sindano akaona mguu mmoja umetoka nje ya mlango, unaning'inia.

"Mpenzi," akasema kwenye redio, taratibu, kama mtu anayemwita paka aliye ukingoni mwa paa. "Shuka."

"Nikishuka, sipandi tena. Unajua hilo?"

"Najua."

"Mimi ni Winchi. Nikiacha kupanda mimi ni nani?"

"Tutajua ukishafika. Ingiza huo mguu ndani, tumia ngazi."

"Na wewe?"

"Mimi niko chini. Siendi popote."

Mguu ukarudi ndani. Akaanza kushuka ngazi ya ndani ya mnara, hatua moja moja, akiipapasa kwa mkono wa kushoto kama kipofu. Sindano hakuthubutu kupepesa jicho mpaka buti lake lilipogusa ardhi.

Hakumsubiri msimamizi aulize.

"Mkuu, miezi sasa naona nusu. Upande wa kushoto umekufa. Nilidhani ni uchovu, halafu nikajua si uchovu, nikanyamaza. Mpiga ishara alikuwa ananifichia bila kujua. Usinitetee."

"Winchi, wewe..." Msimamizi akanyoosha kiganja. "Nipe funguo."

Akampa. Kaka mtu alikuwa ameshafika, mweupe kwa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni, macho tu ndiyo yanang'aa.

"Uliniona?" akauliza. Kwa mara ya kwanza hakusema shemeji.

"Sikukuona."

"Na ulijua kwamba huoni?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nipande pale. Asubuhi tumekunywa chai kwenye birika moja, tumecheka, ukajua, ukaniacha nipande."

"Ndiyo."

Kaka akamtazama dada yake, akatazama tena yule rafiki yake. Akavua kofia, akaiweka chini kwa utaratibu wa ajabu, akaenda zake. Hakugeuka.

Walikaa kwenye benchi la mlinzi, wao wawili. Winchi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nikurudishie neno lako," akasema. "Uolewe na mtu aliye mzima. Mimi sina kazi, sina jicho, na nusura nikuulie ndugu."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mama yako amesema kwa mdomo wake, mkwe wangu ana kazi ya juu kuliko wote. Wewe unashona mapazia ya nyumba ambayo mimi ndiye ninayeilipia. Nikasema ngoja harusi ipite, nitakwenda hospitali. Nikawa naogopa kila nikipanda. Nikawa naogopa zaidi nikishuka, maana huku chini kuna wewe."

"Kwa hiyo ukasema bahati."

"Ukisema bahati hakuna anayeuliza."

Sindano akakunja futi yake ya kushonea, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi nami sina uso wa kukulaumu," akasema. "Niliona njia iko wazi kila mechi. Mchezaji kama wewe, kila mechi, upande uleule! Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilipenda kushinda. Nikajiambia nimekuwa hodari. Nilikuwa natazama magoli yangu, sikukutazama wewe."

"Si kosa lako."

"Sijasema ni kosa langu. Nimesema tulikuwa wawili tusioona." Akasimama. "Inuka. Hospitali iko wazi, na usinikatalie, nimekasirika bado."

Hospitalini walimtazama macho, wakasema macho ni mazima. Hilo likamtisha Sindano kuliko angeambiwa ni mabovu. Wakampiga picha ya kichwa. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole mno, akawaonyesha kitu kama punje ya mahindi, kimekaa mahali ambapo njia ya kuona hupita ndani ya ubongo. Kivimbe. Kinatolewa. Wengi hupona. Baadhi upande uliopotea hurudi, baadhi haurudi, na wachache, akasema, lazima niwaambie ukweli, hawaamki.

Siku zote za kungoja, kaka mtu hakutia mguu hospitalini. Alikula chumbani kwake, akatoka kabla watu hawajaamka. Sindano akamwandikia:

"Kaka, kesho saa nne wanamfungua kichwa."

Ikaonyesha imesomwa. Jibu halikuja. Baadaye akaandika tena: "Anakuuliza kila siku." Jibu halikuja. Mama akamwambia amwache, kaka yake ameona kifo kikipita na upepo wake, apewe nafasi.

Asubuhi hiyo walikaa kwenye ukumbi wa kungojea, viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja. Winchi alikuwa amenyolewa nywele zote, kichwa kinang'aa, gauni la hospitali limefungwa kamba mgongoni. Sindano alikaa kulia kwake, mahali anapoonekana, amemshika mkono.

"Kiti cha kushoto kina mtu?" Winchi akauliza. Siku hizi alikuwa ameshajifunza kuuliza.

Sindano akatazama. Kaka yake alikuwa ameingia kimyakimya kwa mlango wa upande, nguo za kazi, buti zina zege, akaketi kwenye kiti hicho. Akajiwekea kidole mdomoni kumwashiria dada yake: nyamaza.

"Kwa nini unauliza?" Sindano akajikaza.

"Nataka kusema jambo, na sitaki mtu alisikie. Kama nisipoamka..."

"Usianze."

"Sindano, niache niseme. Kama nisipoamka, mwambie kaka yako sikumdharau. Kila siku nilikuwa nahesabu yuko wapi. Nilikuwa naijua sauti ya nyundo yake kati ya nyundo zote, nikiisikia kulia napumua, nisipoisikia nangoja. Siku ile alikuwa na mashine, hakuwa na nyundo. Mashine zote zinalia sawa. Nilipaswa kusimama. Niliogopa kuulizwa kwa nini nimesimama. Mwambie niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kumuua, na kwamba nimelijua hilo juu yangu, na linaniuma kuliko hiki watakachokitoa. Sitaki anisamehe. Nataka ajue tu."

Mahali fulani gari la dawa lilikuwa linasukumwa, gurudumu lake likilia.

"Mficha maradhi," sauti ikasema upande wake wa kushoto, "kifo humuumbua."

Winchi akaganda. Akageuza kichwa, polepole, chote, mpaka alipomwona.

"Ni mimi," kaka akasema. "Usiruke, utafungua hiyo kamba nyuma, kuna wazee humu."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Yote?"

"Nimekaa tangu 'kiti cha kushoto kina mtu'. Hukuniona. Leo nimefaidi." Akapangusa pua kwa mkono wenye saruji. "Nina hasira na wewe mpaka kwenye mifupa. Usiku naota ule ukuta. Naamka nashika mgongo wangu kama upo. Usidhani nimekuja kukwambia yamekwisha. Hayajaisha."

"Najua."

"Nimekuja kukwambia kwamba ukilala humo ndani usiamke, nitakuwa sina mtu wa kumkasirikia. Kwa hiyo uamke. Uamke nikutukane vizuri, kama ndugu anavyomtukana ndugu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shemeji."

"Shemeji bado. Tutaona." Akamtazama dada yake juu ya kichwa kile kilichonyolewa. "Na wewe, mapazia umemaliza?"

"Upande mmoja bado," Sindano akasema, na machozi aliyoyazuia siku zote hizo yakamshuka.

"Maliza. Siku ya harusi mimi nitamshika huyu mkono huu wa kushoto, wewe mshike wa kulia. Akiingia peke yake ataoa nguzo."

Winchi akacheka. Sindano akacheka pia, na hofu ilikuwa palepale.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akasimama na kitanda chenye magurudumu.

"Tayari, baba?"

"Sijawa tayari," Winchi akasema. "Twende hivyohivyo."

Wakainuka wote watatu. Kaka akamshika mkono wa kushoto na kuubana kwa nguvu, kwa kiganja chake kigumu cha mwashi, mpaka Winchi akakunja uso.

"Unanisikia nilipo?"

"Nakusikia."

"Basi twende."